Kihami kisichohami uso wake: Kiswahili na fizikia ya leo

Kila mjadala wa Kiswahili na sayansi unapozuka, hoja moja haikosi kutajwa: ati lugha hii ni ya mashairi, mapenzi na siasa, lakini ukiitwika fizikia itaanguka kifudifudi. Nimeisikia hoja hii kwa maprofesa, nimeisikia kwenye matatu, na majuzi nimeisikia Diani.

Nilikuwa nimealikwa kuzungumza na wanachama wa chama cha Kiswahili katika shule moja ya upili karibu na Ukunda. Baada ya maswali ya kawaida kuhusu ngeli na insha, msichana wa kidato cha tatu alisimama. “Mwalimu,” akasema, “sayansi ya sasa, hii ambayo watu wanapewa tuzo ya Nobel, inaweza kuelezwa kwa Kiswahili ama tutabaki na usanisinuru tu?” Wenzake wakacheka. Nilimwambia: “Nitajie mada yoyote, mwanangu.” Mwalimu wao wa fizikia, aliyekuwa amekaa nyuma, ndiye aliyenitilia kitanzi. Akataja utafiti wa elektroni zilizo kwenye uso wa vitu ambavyo mimi hapa nitaviita vihami topolojia.

Haya basi. Hebu tulibebe swali hilo pamoja, tuone lugha itatufikisha wapi.

Tuanze na neno lililo karibu: kihami. Kitenzi ‘hami’ tumekipata kutoka Kiarabu, nacho maana yake ni kulinda au kutetea. Kwa Waarabu, shina hilohilo ndilo lililozaa neno la wakili, yule anayekutetea mahakamani. Vitenzi vya aina hii huhifadhi irabu yake ya mwisho vinapounda nomino: kusafiri kunatupa msafiri, kufasiri kunatupa mfasiri, na kuhami kunatupa kihami, yaani kitu kinachozuia umeme usipite ukamfikia asiyestahili kufikiwa. Mpira ni kihami, kioo ni kihami, plastiki iliyofunika waya wa pasi ni kihami.

Kinyume chake wengine hukiita kondakta. Sina ugomvi na maneno ya mkopo, lakini hapa Kenya kondakta tayari ana kazi, tena ya kutwa: ananing’inia mlangoni mwa matatu akidai nauli. Ndiyo maana mimi napendelea kipitishi. Limeundwa kama kiunganishi na kiwakilishi, maneno ambayo kila mwanafunzi wa sarufi anayajua, na linajieleza lenyewe: kitu kinachopitisha. Shaba ni kipitishi, fedha ni kipitishi, na mwili wa kiumbe hai, kwa bahati mbaya, hupitisha umeme pia.

Wakazi wa Diani hawahitaji maabara kulijua hilo. Mbega, wale kima weusi wenye manyoya meupe mabegani, hukatiza juu ya barabara ya ufuoni wakitafuta majani. Wapo waliogongwa na magari, na wapo walionaswa na stima walipogusa nyaya mbili kwa wakati mmoja. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa Diani mwaka 1997, limetundika madaraja ya kamba juu ya barabara ili wavuke salama, na limekuwa likishughulikia upogoaji wa miti iliyo karibu na nyaya na kuhamiwa kwa nyaya zenyewe. Ona lugha inavyofanya kazi hapo: kuhami waya ni kumhami mbega. Maana ya zamani ya kulinda na maana mpya ya kifizikia zimekutana juu ya nguzo moja.

Sasa uchukue waya huo uliohamiwa: ndani shaba, nje plastiki. Ndani panapitisha, nje panahami. Ugeuze waya huo kichwani mwako, ndani uwe nje. Utapata kitu ambacho ndani yake umeme haupiti, lakini juu ya uso wake unapita. Hiyo ndiyo tabia ya kihami topolojia. Mbega angekigusa asingepona, ingawa jina lake ni kihami.

Utasema: si ni kupaka plastiki rangi ya shaba tu? Hapana, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kihami topolojia hakijapakwa chochote. Ni fuwele moja, kitu kilekile toka ndani hadi nje, kama punje ya chumvi ilivyo chumvi kote. Uso wake unapitisha kwa sababu ya jinsi ndani kulivyo.

Ili kulielewa hilo, fikiria hoteli ya ghorofa mbili pale ufuoni msimu wa Krismasi. Ghorofa ya chini imejaa, kila kitanda kina mgeni, hakuna anayeweza kuhama kwa kuwa hakuna nafasi ya kuhamia. Ghorofa ya juu ni tupu, lakini ngazi haipo. Elektroni ndani ya kihami ziko hivyo: zimejaa chini, juu kutupu, na katikati kuna pengo la nishati zisiloweza kuliruka kwa urahisi. Ndani ya kipitishi, ghorofa imejaa nusu. Wageni wanatembea watakavyo. Kihami topolojia ni hoteli ambayo ndani haina ngazi, ila kwenye ukuta wa nje kuna ngazi inayounganisha ghorofa ya chini na ya juu. Anayekaa vyumba vya ndani hasogei. Aliye ukutani anapanda, anashuka, anazunguka. Ngazi hiyo ndiyo wanafizikia wanayoiita, kwa maneno yangu, hali za elektroni za uso.

Nani aliyeijenga ngazi? Hapa ndipo neno ‘topolojia’ linapoingia. Topolojia ni tawi la hisabati linalochunguza sifa zisizobadilika hata ukikivuta kitu, ukikibonyeza au ukikipinda, mradi usikitoboe wala kukichana. Kitumbua hakina tundu la kupitisha uzi. Kikombe chenye mkono kina moja. Karai lenye masikio mawili lina mawili. Ukiwa na udongo laini unaweza kukigeuza kikombe kuwa ushanga bila kuchana popote, maana vyote vina tundu moja. Lakini huwezi kukipata kikombe kutoka kwenye kitumbua bila kutoboa. Mwaka 2016, David Thouless, Duncan Haldane na Michael Kosterlitz walipotangazwa washindi wa Nobel ya fizikia kwa kazi ya topolojia katika maada, mjumbe mmoja wa kamati, Thors Hans Hansson, alitoa mikate kwenye mfuko mbele ya wanahabari: mmoja usio na tundu, mmoja wenye tundu moja na mmoja wenye mawili. Angekuwa Ukunda angetumia vyombo vya mama wa mahamri.

Lakini tahadhari. Tundu tunazozihesabu hazimo katika umbo la fuwele. Usichukue jiwe ukatafuta kitobo. Zimo katika mpangilio wa mawimbi ya elektroni ndani yake, na hesabu yake hufanywa kwa kalamu. Mfano mzuri wa lugha usitumike kupotosha.

Mfano ninaoupenda zaidi uko barabarani. Uganda, kama sisi, magari hupita kushoto. Rwanda hupita kulia. Ukiwa katikati ya Uganda huna shida, kila mtu anakaa upande wake. Katikati ya Rwanda vilevile. Lakini ukifika mpakani Katuna, ukavuka Gatuna, lazima magari yapishane na kubadilishana pande. Mpaka unaweza kupakwa rangi mpya, kuwekwa lami, kujengwa upya wote. Maadamu nchi hizi mbili zina kanuni tofauti, mahali pa kubadilishana hapaondoki. Ndani ya kihami topolojia, kwa sababu ya atomu nzito kama za bismuti, mpangilio wa ghorofa zile mbili umepinduliwa. Nje, kwenye hewa au ombwe, mpangilio ni wa kawaida. Mpakani, yaani usoni pa fuwele, mipangilio hiyo miwili lazima ipishane, na inapopishana pengo la nishati hujifunga. Ngazi haikujengwa na mtu. Imelazimishwa na tofauti ya nchi mbili.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu ya kila wiki, maneno. Hali za nini hasa? Mwenye kutafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza anaweza kutuletea ‘majimbo ya uso’, kana kwamba uso una gavana. Anayesema ‘hali za usoni’ naye amejikwaa, kwani msomaji atadhani unazungumzia siku zijazo; si twasema ‘siku za usoni’? Na ‘hali ya uso’ peke yake ni sura ya mtu aliyekasirika au aliyefurahi. Ndiyo sababu naongeza neno la tatu: hali za elektroni za uso. Ni refu kidogo, lakini halimdanganyi mtu.

Kuna aliyenipendekezea ‘ganda’ badala ya uso. Mwingine akasema ‘ukoko’. Yote ni maneno matamu, na yote hayafai. Ganda la chungwa ukiliambua, umeliondoa. Chungwa linabaki bila ganda. Ukoko ukiukwangua, sufuria imebaki safi. Uso hauko hivyo. Kata mkate, kile kipande kina uso mpya palepale ulipopita kisu. Kikate tena, una uso mwingine. Huwezi kuumaliza uso wa kitu kwa kukikata. Na fuwele hizi ndivyo zilivyo: ukizipasua, umeme hupita kwenye uso mpya uliotokea vilevile, kwa sababu siri haimo katika tabaka la juu bali imo ndani kote. Neno ‘ganda’ lingemfundisha mwanafunzi fizikia ya uongo. Neno ‘uso’ linamfundisha ya kweli. Ndiyo maana nasema uchaguzi wa istilahi ni sehemu ya sayansi yenyewe.

Tena, kupasua huko ndiko jaribio linakoanzia. Nadharia ilitangulia: Charles Kane na Eugene Mele mwaka 2005, kisha Andrei Bernevig, Taylor Hughes na Shoucheng Zhang mwaka 2006. Mwaka 2007 kundi la Laurens Molenkamp huko Würzburg, Ujerumani, likapima tabaka jembamba lenye zebaki na teluri, katika baridi kali mno, na kukuta umeme ukipita kwenye kingo zake. Hapo tunasema ukingo, si uso, kwa kuwa kitu chenyewe ni bapa. Mwaka 2008 kundi la Zahid Hasan, mzaliwa wa Bangladesh anayefundisha Princeton, Marekani, likachapisha matokeo ya fuwele nene ya bismuti na antimoni. Antimoni si mgeni kwetu. Kamusi za zamani huutaja kuwa ndio wanja wa manga, ule waliojipaka bibi zetu machoni. Mwaka 2009 zikafuata bismuti na seleni, kisha bismuti na teluri. Hii ya mwisho ilikuwa ikitumika zamani katika vifaa vya kupoza kwa umeme, vile vilivyomo ndani ya friji ndogo za gari. Watu walikuwa nayo miaka mingi bila kujua uso wake una siri gani.

Wanaionaje ngazi ambayo jicho haliioni? Fuwele huwekwa ndani ya chombo ambacho hewa imenyonywa hadi ibaki chini ya sehemu moja kwa trilioni ya ile tunayovuta. Humo ndani hupasuliwa, uso mpya ujitokeze bila kuchafuliwa. Kisha hupigwa mwanga mkali. Albert Einstein alieleza mwaka 1905 kwamba mwanga hufika kwa vifurushi, na kifurushi chenye nguvu ya kutosha kikiigonga elektroni kinaing’oa. Elektroni zilizong’oka hunaswa na kifaa kinachopima mambo mawili: zimetoka na nishati kiasi gani, na kwa pembe ipi. Ukijua hayo unaweza kurudi nyuma kwa hesabu, ukajua zilikuwa zikikaa ghorofa gani na zikienda upande gani kabla ya kugongwa. Ni kama kumuuliza kila mgeni anayetoka hotelini alikuwa chumba kipi.

Mshaka hawezi kukosa kuuliza: mnajuaje elektroni hizo zimetoka kwenye uso, si ndani? Jibu ni zuri. Wanabadilisha nishati ya mwanga. Picha ya elektroni za ndani huhamahama nishati hiyo inapobadilishwa, kwa sababu za ndani zina uhuru wa kwenda kina. Za uso haziendi kina. Picha yake hubaki palepale. Ile iliyokaa kimya ndiyo ya uso. Na ilipochorwa, katika bismuti na seleni ilionekana kama herufi X moja katikati ya pengo: ngazi yenyewe, wazi kabisa.

Jambo la mwisho la kifizikia, kisha nitakuacha upumzike. Elektroni ina tabia inayofanana na pia, kile kitoto cha mti watoto wanachokizungusha kwa uzi. Nasema inafanana, kwani elektroni haizunguki kweli kama pia. Wanasayansi huazima neno spini, nami sipingi. Juu ya uso wa kihami topolojia, mwelekeo wa spini umefungwa na mwelekeo wa safari. Anayeenda kaskazini pia yake imeelekea upande mmoja; anayeenda kusini imeelekea upande wa pili. Elektroni ikikutana na kasoro ya kawaida njiani, haiwezi kugeuka ikarudi moja kwa moja ilikotoka, maana kufanya hivyo kungehitaji ipindue spini yake, na kasoro isiyo na sumaku haina uwezo huo. Inaweza kukengeuka kando, lakini kurudi nyuma moja kwa moja haiwezi. Kwa wanaotafuta vifaa vinavyopoteza nishati kidogo, tabia hiyo ina thamani kubwa.

Hata hivyo tusipige vigelegele mapema. Fuwele za bismuti na seleni zinazotengenezwa hukosa baadhi ya atomu za seleni, na kila pengo huachia elektroni za ziada zinazotembea ndani. Kwa hiyo kihami kinavuja. Jina linasema ndani hakupitishi, kifaa cha kupimia kinasema kunapitisha. Sehemu kubwa ya kazi ya maabara tangu 2009 imekuwa kukifanya kihami kistahili jina lake, kwa kuchanganya teluri na seleni kwa vipimo, au kwa kukuza utando mwembamba sana. Mwaka 2013 kundi la Qi-Kun Xue nchini Uchina, likiwa na utando wa namna hiyo uliotiwa kromi, liliweza kuonyesha umeme ukipita kwenye kingo tu bila kuhitaji sumaku ya nje.

Kwa nini haya yamhusu mtu wa Kwale? Kaunti hii imeishi na madini kwa macho yake. Mwezi Februari 2014 meli ya kwanza ya mchanga wenye titani kutoka Kwale iling’oa nanga Likoni, na uchimbaji ukaendelea hadi mwishoni mwa 2024. Kwa muda wote huo wakazi walikaa katika mikutano ambamo ilmenaiti, rutaili na zirkoni zilitajwa kama majina ya wageni wa hoteli: yanasikika, hayajulikani. Mtu asiye na neno la kitu hana namna ya kukiulizia, na asiyeweza kuuliza hawezi kudai. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Hadhi bila istilahi ni kama leso bila pindo, itafumuka.

Wala tusijidanganye kwamba hii ni kazi ya wenzetu wa mbali. Mwaka 2012 Eldoret ilikuwa mwenyeji wa shule ya Afrika ya kukokotoa mienendo ya elektroni ndani ya maada, kazi ambayo haihitaji mtambo wa mabilioni bali kompyuta na akili. Mitambo mikubwa ya mwanga wa kupasulia siri hizi bara letu halina bado hata mmoja. Lakini maneno hayahitaji mtambo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa na TUKI mwaka 1990, miaka 15 kabla ya nadharia niliyoitaja. Haikuweza kuwa na istilahi hizi. Lawama si yake. Kazi ni yetu.

Basi napendekeza, na aliye na jema zaidi alilete: kipitishi na kihami zibaki; fuwele ibaki; pengo la nishati litumike; hali za elektroni za uso, kwa ukamilifu wake, bila mkato wa ‘usoni’; ukingo kwa kitu bapa, uso kwa kitu kinene; na kihami topolojia, nomino mbili zikifuatana kama tunavyosema isimujamii, badala ya ‘kihami cha kitopolojia’ kinachoulemea ulimi. Yule msichana wa kidato cha tatu aliniuliza kama inawezekana. Umesoma hadi hapa, msomaji, na hujakutana na sentensi moja ya Kiingereza. Wiki ijayo tutatazama neno ‘nishati’ na jinsi linavyochanganywa na ‘nguvu’ hata kwenye taarifa za habari.